Watu Wazima Waliokaa na Vijana: Kutoka Vijiji vya Rika hadi Skauti Wilayani Rungwe

Kitabu cha miaka mia moja ya usharika kwa desturi hujaa majina ya wachungaji, tarehe za kuwekwa mawe ya msingi, na picha za kwaya zilizosimama mbele ya madhabahu. Hiyo ni haki yake, na kurasa nyingine za kitabu hiki zimeitimiza kazi hiyo. Wapo lakini watu ambao majina yao hayaingii katika kumbukumbu za vikao, kwa sababu hawakuajiriwa wala hawakuchaguliwa kwa kura. Hao ni wanaume na wanawake ambao, baada ya kumaliza kazi za shamba, za darasani au za dukani, walikwenda kukaa na vijana wasio watoto wao, wakawafundisha kufunga fundo, kuimba, kupika na kusema kweli. Makala haya yanawahusu hao. Yanawahusu zaidi walezi wa skauti, kwa kuwa uskauti umeiweka kazi hiyo katika kanuni zilizo wazi kuliko vyama vingi. Hata hivyo hayawezi kuanza na uskauti, maana Rungwe ilikuwa na jambo lake kabla haujafika.

Kijiji cha wavulana

Wanyakyusa walijulikana katika elimu ya jamii za watu duniani kote kwa sababu ya desturi moja. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti huku kati ya miaka 1934 na 1938, waliikuta ingali hai ingawa ilikwisha kuguswa na mabadiliko, na Monica Wilson aliieleza kwa urefu katika kitabu chake Good Company kilichotoka mwaka 1951. Desturi yenyewe ni vijiji vya rika. Wazee wetu hawahitaji kusimuliwa habari hiyo, lakini vijana wetu wengi wanaijua kwa jina tu, na baadhi yao hawaijui kabisa.

Mvulana alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake tangu umri wa miaka sita hivi. Alipofika miaka kumi au kumi na mmoja aliwaachia wadogo zake mifugo, akaanza kulima shamba la baba, na usiku hakulala tena katika nyumba ya wazazi. Yeye na rika lake walijijengea vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao, mwanzo vidogo kama vya kuchezea, baadaye imara vya kulala. Chakula walikula kwa mama zao, lakini si kila mmoja kwa mama yake peke yake: walizunguka kama kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Walipokuwa watu wazima walioa na kukaa hukohuko, na vile vibanda vya watoto vikawa kijiji kamili.

Neno lililobeba maana ya maisha hayo ni ukwangala. Si rahisi kulipatia neno moja la Kiswahili. Ni kukaa na wenzako kwa furaha, kula nao, kuzungumza nao, na katika kukaa huko kujifunza adabu. Mtu aliyependelea kula peke yake alitiliwa shaka. Kijana hakufundishwa ustahimilivu au ukarimu kwa hotuba. Aliupata kwa sababu alilala kibanda kimoja na watu ambao asubuhi angewakuta tena.

Mgeni anaweza kudhani kuwa watoto hao waliachwa wajilee wenyewe. Sivyo. Walikuwa pembeni mwa kijiji cha baba zao, si mbali nacho. Mashamba waliyolima yalikuwa ya baba, na vyungu walivyokula vilikuwa vya mama. Tena kulikuwa na ubusoka. Tendo hilo lilifanyika mara moja katika kizazi, kila baada ya miaka thelathini na kitu, pale wazee walipokabidhi nchi kwa wana wao. Viongozi wa vijiji, yaani amafumu, wa kizazi kilichotangulia ndio waliowateua amafumu wapya kutoka miongoni mwa vijana. Waliwateua kwa kuwa walikuwa wamewatazama wakikua. Moto mpya uliwashwa, miti ikapandwa, kisha wazee wakasogea na kuwapisha vijana ardhi. Tunaomba msomaji alizingatie jambo hili la mwisho, kwa sababu katika habari yote ya malezi ndilo gumu kuliko mengine: mlezi wa Kinyakyusa alijua tangu mwanzo kuwa siku itafika ataondoka katika nafasi yake, na kwamba kuondoka huko kulikuwa sehemu ya kazi.

Ni haki pia kusema kuwa desturi hiyo haikuwa ya wote. Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Waliposwa wakiwa wadogo na kuolewa mapema, mara nyingi na wanaume waliowazidi sana umri, na malezi yao yalikuwa mikononi mwa mama na shangazi. Jambo lililomfaa kaka yao lilichelewa sana kuwafikia wao.

Kuvunjika kwa vijiji

Mwaka 1891 wamisionari walifika katika nchi hii kwa njia ya Ziwa Nyasa, Wamoravian wakaanza Rungwe, na wale wa Berlin, ambao ndio chimbuko la Walutheri wa Konde, wakaanza upande wa mashariki, ambako baadaye kidogo walifungua Manow na Mwakaleli. Kuzunguka vituo hivyo watu walikaa bila kujali rika: mzee, kijana, mjane, na aliyekimbia kwao. Ukristo wa mwanzo ulivunja mpango wa rika bila kukusudia, kwa sababu tu waliobatizwa walikaa pamoja.

Mambo mengine yalivunja kwa nguvu zaidi. Dhahabu iligunduliwa Lupa mwaka 1922, na vijana wa Rungwe wakapanda kwenda Chunya kutafuta fedha. Wengine walivuka mipaka hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na migodi ya Afrika Kusini. Kijana aliyerudi na fedha zake mwenyewe hakutaka tena kumsubiri baba ampe ng'ombe wa mahari. Kahawa na chai zilifanya ardhi iwe na bei, na kijiji chenye ardhi ya bei hakihami kirahisi kuwapisha wana. Kufikia katikati ya karne iliyopita vibanda vya wavulana vilikuwa vimebaki katika sehemu chache, na ubusoka ukawa habari ya kusimuliwa.

Katika kipindi hichohicho usharika uliwahi kujifunza jambo kuhusu nani hubaki na nani huondoka. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalitwaa Neu-Langenburg, mji tunaouita Tukuyu, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo sharika hazikufa. Walimu na wazee wenyeji walizishika, wakisaidiwa na Waskoti wa Livingstonia kutoka ng'ambo ya mto Songwe. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 jambo lilelile lilijirudia. Aliyewafundisha watoto katekisimu mwaka 1918 hakuwa mtu aliyetumwa kutoka Ulaya. Alikuwa jirani yao.

Mwalimu wa shule ya Jumapili na jenerali

Uskauti wenyewe ulitoka wapi? Jibu la kawaida ni Robert Baden-Powell, na jibu hilo ni sahihi, lakini linaruka hatua moja ambayo wasomaji wa kitabu cha kanisa wangependa kuijua. Mwaka 1883 mjini Glasgow, Uskoti, mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili aliyeitwa William Smith alichoshwa na wavulana waliokuwa wakubwa kwa kuimba nyimbo za watoto lakini wadogo kwa kukaa na wazee. Aliwapa kofia, mkanda, gwaride na nidhamu, akaanzisha chama kilichoitwa Boys' Brigade. Viongozi wake walikuwa walimu wa Jumapili na washarika waliojitolea. Baden-Powell alipokagua gwaride lao miaka ishirini baadaye alivutiwa, na Smith akamshauri akiandike upya kwa ajili ya wavulana kitabu chake cha upelelezi wa kijeshi.

Agosti 1907 Baden-Powell alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea na wavulana wapatao ishirini, baadhi kutoka shule za matajiri na baadhi kutoka matawi ya Boys' Brigade ya karibu, akiwagawa katika vikosi vinne, kila kikosi kikiwa na jina la mnyama au ndege na kiongozi wake mtoto. Mwaka uliofuata kitabu chake kwa wavulana kilitoka, na watoto wakaanza kuunda vikosi wenyewe kabla watu wazima hawajajipanga. Upungufu ulionekana mara moja, nao haukuwa wa watoto. Walikosekana walezi. Ndiyo maana mwaka 1919 lilifunguliwa shamba la Gilwell, karibu na London, mahali pa kuwafunda watu wazima. Aliyehitimu huko alivaa shanga mbili za mti shingoni, na hadi leo walezi wa skauti waliomaliza mafunzo hayo, wakiwemo wa Tanzania, huvaa shanga hizo.

Katika maandiko yake kwa walezi Baden-Powell alisisitiza kuwa mlezi si kamanda wala si mwalimu wa darasani, bali ni kama kaka mkubwa, anayekumbuka bado namna mvulana anavyofikiri. Uongozi wa kila siku aliuacha kwa watoto wenyewe katika vikosi vyao vya watu sita hadi wanane. Mnyakyusa akisoma hayo anatabasamu. Kikundi kidogo cha rika kinacholala pamoja, kinachopika na kula pamoja, chenye kiongozi wake, kikiwa pembeni mwa watu wazima wanaokitazama bila kukiingilia: jambo hilo lilikuwa likifanyika kwenye miteremko ya mlima Rungwe kabla Baden-Powell hajazaliwa. Hatusemi kuwa alilichukua huku. Tunasema tu kwamba uskauti ulipofika kwetu haukuwa mgeni kiasi ulivyojidhania.

Unafika na kanuni zake

Uskauti uliingia Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917, na chama cha wasichana, yaani Girl Guides, kikafuata Tanganyika mwaka 1928. Baden-Powell mwenyewe alimalizia siku zake Nyeri, Kenya, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake lina alama ya mduara wenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaambia wenzake kuwa amekwenda nyumbani.

Mzigo mmoja wa historia hiyo hauna budi kutajwa. Mwanzilishi wa uskauti alikuwa askari aliyepigana vita vya kikoloni Ashanti na Matabele, na chama chake kililetwa Afrika na watawala waliotaka vijana watiifu kwa Mfalme wa Uingereza. Lakini sheria yake ya nne iliwafundisha watoto kuwa skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine bila kujali tabaka. Waafrika waliisoma sheria hiyo kama ilivyoandikwa. Afrika Kusini vijana weusi hawakuruhusiwa kuitwa skauti. Waliwekwa katika chama cha pembeni, na hata walipokubaliwa jina hilo mwaka 1936 waliendelea kutengwa na skauti weupe. Mtoto aliyekariri sheria ya udugu asubuhi na kukatazwa udugu jioni alipata somo ambalo mtawala hakulikusudia. Si ajabu kwamba wengi wa kizazi kilicholeta uhuru walipita katika skafu hiyo. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa skauti katika miaka yake ya shule.

Watu wengine walijaribu kuyaunganisha malezi mapya na ya asili. Katika Nyanda za Juu Kusini serikali ilifungua shule ya Malangali mwaka 1928, na mkuu wake wa kwanza, W. B. Mumford, aliwaita wazee wa makabila waje shuleni wawafundishe wavulana mila, ngoma na michezo ya kwao. Kwa upande wa Walutheri, Bruno Gutmann wa Old Moshi aliwapanga vijana wa Kichagga katika vikundi vidogo vya wenza wa ngao, kwa kufuata desturi ya rika ya Wachagga. Majaribio hayo yalikuwa na kasoro. Mumford na Gutmann walipenda mila kwa namna ya mtu anayetaka kuihifadhi ndani ya kioo, na Waafrika wengi wa wakati huo walitaka kusoma, si kuhifadhiwa. Hata hivyo waliona jambo ambalo wengi hawakuliona, kwamba kijana haongozwi na kitabu peke yake bila mzee mwenye jina na sura anayemjua.

Walutheri wana sababu nyingine ya kutafakari habari za vyama vya vijana. Desemba 1933 huko Ujerumani, askofu aliyeungwa mkono na Hitler, Ludwig Müller, alitia sahihi mkataba uliowakabidhi vijana wa Kiinjili walio chini ya miaka 18 kwa chama cha vijana cha Hitler. Vyama vya skauti navyo vilifutwa. Sare zilibaki, kambi zilibaki, nyimbo za kuzunguka moto zilibaki. Kilichoondolewa ni yule mtu mzima wa usharika aliyekuwa na uhuru wa kumwambia kijana kuwa amri fulani ni mbaya. Jambo hilo liliwapata Wakristo wa nchi ileile iliyotuletea Injili, nalo linatosha kutuonya dhidi ya kuhesabu mafanikio ya malezi kwa wingi wa sare.

Jirani zetu wa Malawi nao walionja kidogo. Wakati wa utawala wa Dkt. Banda chama cha vijana wa serikali, Young Pioneers, ndicho kilichotamba, skauti wakanyamaza kwa miaka mingi, na wakarudi baada ya mfumo wa vyama vingi kuingia katika miaka ya 1990. Tanzania Bara haikufika huko. Chama chetu kilijiunga na shirika la skauti la dunia mwaka 1963, mwaka uleule lilipoundwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kiliishi sambamba na Umoja wa Vijana wa TANU. Rais wa nchi akawa mlezi wake.

Mwaka 1969 na njia mbili

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, tukio lililoamua sura ya malezi ya vijana Rungwe halikuwa kuja kwa uskauti wala uhuru. Lilikuwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyozifanya shule za misheni kuwa za serikali. Uamuzi wenyewe ulikuwa na haki nyingi ndani yake. Mtoto wa Kiislamu na wa dini ya jadi aliingia darasani bila kuulizwa dini yake, na Azimio la Arusha lilitaka hivyo. Lakini lilikuwapo jambo dogo ambalo halikuandikwa popote. Kabla ya hapo mwalimu wa shule na mwalimu wa usharika mara nyingi walikuwa mtu mmoja. Alifundisha hesabu Jumatatu, akaongoza kwaya Ijumaa, akafundisha kipaimara Jumamosi, na kama shule ilikuwa na skauti, aliwachukua porini yeye mwenyewe. Aliishi hapohapo miaka mingi. Baada ya mwaka 1969 njia ziligawanyika: skauti wakawa jambo la shule, na vijana wa usharika wakawa jambo la Jumapili.

Mgawanyiko huo una matokeo hadi leo. Mwalimu wa serikali huhamishwa. Kundi la skauti alilolianzisha kwa jasho, akawatafutia watoto skafu na kuwafundisha Ahadi, hukaa miaka miwili, mitatu, kisha barua ya uhamisho hufika na kundi hutawanyika mpaka aje mwingine mwenye moyo. Kwa upande wa pili usharika una watu wasiohamishwa. Mzee wa kanisa, mama wa kikundi cha wanawake, fundi seremala, mkulima wa chai: hao wako palepale kwa miaka arobaini. Wanaona mtoto akibatizwa, wanamwona akipata kipaimara, halafu mara nyingi humwona tena siku ya ndoa, na kati ya kipaimara na ndoa hawajui yuko wapi. Shule inao utaratibu bila watu wa kudumu, na usharika unao watu wa kudumu bila utaratibu. Pale ambapo mwalimu mlezi wa skauti na mzee wa usharika wamekubaliana kufanya kazi pamoja, mambo hayo mawili yamekutana tena. Pale ambapo kila mmoja ameona kundi la mwenzake kama mshindani, watoto ndio waliopoteza, na tusione haya kukiri kuwa ushindani huo umekuwapo.

Kazi yenyewe

Wasiojua hudhani kuwa skauti ni watoto wa gwaride, wanaovalisha wageni skafu siku ya Mwenge na kusimama juani Desemba 9. Kwa mlezi hiyo ni sehemu ndogo kabisa. Kazi yake kubwa hufanyika pasipo na wageni.

Wilaya yetu humrahisishia na kumtesa kwa wakati mmoja. Mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na kambi njema ni ya Juni, wakati shule zimefungwa, mvua zimepungua na baridi imekaza. Mtoto wa Tukuyu anayepelekwa kulala nje usiku wa Juni hujifunza kuwasha moto kwa kuni zenye unyevu kabla hajajifunza jambo jingine lolote. Hujifunza kuchimba mtaro kuzunguka hema, kupika ndizi kwa ajili ya watu wanane na si kwa ajili yake, kutibu jeraha la panga, kuupima mto kabla ya kuuvuka, maana Kiwira si mto wa kuchezea. Wenye nguvu hupelekwa kwenye msitu wa mlima Rungwe au hadi ziwa Ngozi, wakiandamana na mtu anayezijua njia.

Tuseme neno juu ya mtu huyo anayezijua njia. Mwaka 2003 wataalamu wa wanyama waliokuwa wakifanya kazi katika mlima Rungwe walisikia kutoka kwa wawindaji habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Walimtafuta, wakampata, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa nyani mpya. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Alikuwa mpya kwa maprofesa tu. Wazee wa huku walikuwa na jina lake. Mlezi anayempeleka kijana msituni bila kumchukua mzee wa namna hiyo amepunguza nusu ya somo.

Na kuna malezi yasiyo na beji. Katika miaka ya 1990 na 2000 Mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa zaidi na UKIMWI, na katika nyumba nyingi za Rungwe bibi walibaki na wajukuu. Kijana wa miaka kumi na minne aliyefiwa na wazazi wote wawili hakuhitaji kwanza mafunzo ya fundo. Alihitaji mtu mzima atakayegundua kuwa hajaja, atakayeuliza kwa nini, na kwenda kumtazama. Kila aliyelea kundi la vijana miaka ile, awe wa skauti, wa kwaya au wa shule ya Jumapili, alikuwa na daftari la mahudhurio, na daftari hilo liliokoa watoto wengi kuliko mahubiri. Wengine walilipa ada kutoka mifukoni mwao, jambo ambalo hakuna kanuni ya chama iliyowataka kulifanya.

Nani aaminiwe

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Kujitolea hakumfanyi mtu kuwa mwema. Mahali popote watoto wanapokabidhiwa kwa watu wazima wasio wazazi wao, wapo watakaofika kwa nia mbaya, na kambi ya usiku ni nafasi waitafutayo. Makanisa ya nchi nyingi na vyama vya skauti vya nchi nyingi vimelijua hilo kwa aibu na kwa gharama. Mara nyingi kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: wakubwa walijua, wakanyamaza ili kulinda jina la chama au la kanisa.

Vijiji vya rika vilikuwa na kinga ya aina yake, kwamba mtoto hakuwa kamwe peke yake na mtu mzima. Alikuwa na wenzake usiku na mchana, na chakula chake kilipita katika nyumba nyingi. Kinga hiyo haipo tena, nasi hatuna budi kuweka nyingine kwa maandishi. Bunge letu lilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Shirika la skauti la dunia lilipitisha sera yake ya kuwalinda vijana na madhara mwaka 2017, na moyo wa taratibu za namna hiyo ni rahisi kuueleza: watu wazima wasiopungua wawili kila safari na kila kambi, hakuna mazungumzo ya faragha nyuma ya mlango uliofungwa, mabweni ya watoto mbali na ya walezi, na ya wasichana mbali na ya wavulana, ruhusa ya mzazi kwa maandishi, na mtoto kufundishwa, kabla ya kambi, ni kwa nani atakwenda kusema kama ametendewa jambo baya.

Baadhi ya wazee huona taratibu hizo ni za kutokuaminiana, tena kati ya watu wa nyumba moja ya imani. Tunawaelewa. Mzee aliyelea vijana miaka thelathini bila doa, akiambiwa leo asimpeleke mtoto nyumbani peke yake gizani, anaweza kujisikia ameshitakiwa. Lakini taratibu hazikuandikwa kwa ajili yake. Ziliandikwa kwa ajili ya yule ambaye angejificha nyuma ya sifa njema ya mzee huyo, na mlezi wa kweli akizifuata anamnyima huyo mwingine mahali pa kujificha.

Usharika unaotaka kuanza au kufufua kundi hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji kuonana na mwalimu mlezi wa skauti wa shule iliyo jirani na kamishna wa skauti wa wilaya, ili kundi lisajiliwe ipasavyo na walezi wapate mafunzo. Unahitaji watu wazima wawili au watatu, mmoja wao mwanamke, watakaothibitishwa na baraza la wazee baada ya kuulizwa habari zao kwa waliokwisha kufanya nao kazi. Unahitaji daftari. Na unahitaji kumweka tangu mwaka wa kwanza kijana wa miaka kumi na tisa au ishirini kando ya kila mlezi, aone kazi inavyofanyika, akabidhiwe vikosi viwili vya watoto wadogo, na baada ya muda akabidhiwe kundi zima, mlezi wake akisogea pembeni angali na nguvu za kupanda mlima.